Nani Alishika Kamera, Nani Alishika Jagi

Kuna desturi mpya iliyoingia katika makundi ya WhatsApp ya familia zetu, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na kuendelea Kakamega na Bungoma. Mtu anaitoa kanda ya video iliyolala miaka thelathini juu ya kabati, anaipeleka kwa fundi mjini, fundi anaihamishia kwenye flashi, na kabla ya jioni vipande vyake vimeshasambaa: harusi ya 1989, matanga ya 1994, ubatizo wa mtoto ambaye leo ana watoto wake. Ni jambo jema na nalishangilia. Kinachonisumbua ni maneno yanayoandikwa chini ya vipande hivyo. "Enzi za heshima." "Wanawake wa kweli ni hawa." "Hapo mume alikuwa mume." Nao vijana, hasa wasichana, hujibu kwa uchungu kwamba tazameni jinsi nyanya zetu walivyotumikishwa. Wanabishana usiku kucha juu ya sekunde arobaini zile zile, na katika ubishi wote huo wanakubaliana juu ya jambo moja ambalo naamini si kweli, yaani kwamba kanda inatuonyesha jinsi familia ilivyokuwa.

Msimamo wangu ni huu. Kanda ya zamani inatuonyesha jinsi familia ilivyotaka kuonekana siku ilipokuwa na pesa za kumlipa mpiga picha. Lakini kanda hiyo hiyo, ikitazamwa nzima, pamoja na pembe zake na sauti zake za nyuma, hutoa mambo ambayo hakuna aliyepanga yaonekane, na ni hayo yanayotuambia nani alibeba nini katika nyumba ile. Anayekata kipande na kukitupa mtandaoni anatupatia sehemu iliyopangwa na kutunyima ile iliyoponyoka. Ndiyo sababu mjadala wa majukumu ya mume na mke, unaoendeshwa siku hizi kwa vipande vya aina hii, unazunguka palepale.

Nitatoa mfano wa kwetu, kwa ruhusa ya wenyewe. Mwaka wa 1991 shangazi yangu aliolewa mjini Nakuru. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa Maragoli, magharibi mwa Kenya, aliyemaliza karibu miaka yake yote ya kazi mjini Nakuru, na nyanya aliuza vitunguu na viazi sokoni. Hivi majuzi binamu yangu alikata sekunde arobaini za asubuhi ya harusi, wakwe walipofika kumchukua bibi harusi na kukaribishwa chai. Nyanya ameinama, karai mkono wa kushoto, jagi mkono wa kulia, taulo begani, akiwanawisha wageni mmoja baada ya mwingine, huku babu ameketi kwenye kochi akiendelea na mazungumzo. Kipande kilitoka kundi la familia kikaenda makundi ya watu tusiowajua, kikisifiwa kama somo kwa mabinti wa leo. Hakuna kilicho cha uongo ndani yake. Nyanya alinawisha, na alinawisha kwa adabu.

Sasa iache kanda iendelee. Alasiri, wakati wa kutoa zawadi, kamera inahama kutoka kwenye keki kwenda kwa babu, ambaye mshereheshaji amemwita atoe neno. Katika kuhama huko inapita nyuma ya viti, na kwa muda wa sekunde sita hivi tunamwona nyanya akifungua fundo la leso, akitoa bunda la noti lililoviringwa na kufungwa kwa mpira, akilitia katika kiganja cha babu bila kumtazama. Babu anasimama, anainua bunda lile na kutangaza kwamba yeye, baba mzazi, anamtolea binti yake shilingi elfu tatu. Vigelegele vinapasuka. Nimesimamisha picha hapo mara nyingi. Bunda ni nene. Mwaka huo noti kubwa kabisa nchini ilikuwa ya shilingi mia tano, kwa hivyo elfu tatu zilizotoka kwenye mshahara zingeweza kuwa noti sita tu. Unene ule ni wa noti za kumi, za ishirini na za hamsini, zilizokusanywa kidogo kidogo, na nyumbani mwetu kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akikusanya pesa kwa namna hiyo.

Ili kuelewa kwa nini sekunde sita kama hizo ni adimu, tukumbuke jinsi video ilivyofika kwetu. Mfumo wa kaseti za VHS ulizinduliwa na kampuni ya JVC nchini Japani mwaka wa 1976, na huku kwetu deki, yaani mashine za kuchezea kaseti hizo, ziliingia katika nyumba za wenye mishahara katika miaka ya themanini na tisini: walimu, makarani, wauguzi, waliorudi kutoka ng'ambo. Kamera yenyewe wachache waliimiliki. Ilikodishwa pamoja na mwenye kuibeba begani, taa yake kali na waya wake mrefu, na siku yake ililipiwa. Mtu akishalipwa hupewa maagizo, na maagizo yalijulikana: anza na mchungaji, nenda meza kuu, usimwache diwani, wazee wote waonekane, keki, zawadi, basi. Jikoni hapakuwa katika orodha. Kaseti ya kawaida ilibeba dakika 180, na hakuna aliyetaka kuzipoteza kwa moshi na sufuria. Kwa hiyo tukitazama kanda na kuona wanaume wakizungumza na wanawake wakipita na sinia, tunatazama pia orodha ya maagizo ya aliyelipa.

Tena kuna suala la siku zenyewe, ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote na ndilo lisilotajwa. Magharibi mwa Kenya, kwa vizazi kadhaa, pamekuwa mahali pa kutoa wanaume kwenda kutafuta kazi. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, kodi ya nyumba ya serikali ya kikoloni ikawafuata watu hadi vijijini, na wanaume wakaenda: kwenye reli, kwenye mashamba ya chai ya Kericho, kwenye mashamba ya wazungu kandokando ya Nakuru, Nairobi, Mombasa. Aliyebaki na shamba, ng'ombe, kesi za mipaka, karo na wagonjwa alikuwa mwanamke. Baba alikuja Krismasi, alikuja matangani, alikuja harusini. Na kamera, je, ilikuja lini? Ilikuja Krismasi, matangani na harusini. Kamera ilifika siku zile zile ambazo baba alikuwa nyumbani, ameketi kwenye kiti chake. Siku nyingine mia tatu na zaidi za mwaka, ambazo mama ndiye aliyeamua ng'ombe gani auzwe na mtoto gani asubiri karo, hazina hata dakika moja ya picha. Ukiijenga historia ya nyumba kwa kanda hizo pekee, utaapa kwamba baba hakuwahi kuondoka.

Wanaosifu enzi zile wana hoja zao, na si zote za kupuuzwa. Wanasema palikuwa na mpango: kila mtu alijua pa kukaa, mzee akisema watu walinyamaza, majirani walichangia sherehe bila kuombwa mara mbili. Kanda zinawaunga mkono kwa hayo. Nimetazama matanga ya 1994 ambapo watu mia kadhaa wanakaa juani saa tatu wakisikilizana, na sidhani jambo hilo linawezekana leo. Hata lile la noti lina upande wao. Nilipomwonyesha shangazi sekunde zile sita, nilidhani angekasirika kwa niaba ya mama yake. Hakukasirika. Alisema, "Mama hakunyang'anywa kitu. Alitaka wakwe waone kwamba natoka kwa mtu." Maneno hayo yamenifanya nifikiri upya. Nyanya alinunua heshima ya mumewe kwa pesa zake mwenyewe, kwa kujua, kwa sababu heshima ile ilikuwa ngao ya binti yake huko alikokwenda. Huyo si mtumwa wa nyumba ile kama wasichana wetu wanavyomlilia, wala si yule mnyenyekevu asiye na kauli anayesifiwa na wanaume wa mtandaoni. Ni mtu aliyekuwa na mtaji na mkakati, na ambaye alilipia siri yake.

Lakini shangazi aliongeza jambo ambalo wasifuji wa enzi zile hawalisemi. Alisema mama yake hakuwahi kusimama kutangaza chochote maishani, na kwamba babu alipostaafu na kukaa nyumbani bila kazi, ndugu zake waliendelea kumwuliza yeye habari za pesa ambazo hakuwa nazo, kwa sababu waliamini walichokisikia kwenye sherehe. Sifa aliyopewa ikageuka deni. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba mpango wa zamani ulifaa kwa vile kila mtu alijua mahali pake. Mahali palipotangazwa na mahali palipokuwa kweli palikuwa mbalimbali, na watu waliumia katikati.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na inayorudiwa kuliko zote, ni kwamba kamera haidanganyi, kwa hiyo kama hatuoni mwanamke akisema kwenye kanda basi wanawake hawakuwa na sauti na waliridhika hivyo. Hii huvunjika ukiigusa tu. Kisumu ilikuwa na meya mwanamke, Grace Onyango, mwaka wa 1965, na mwaka wa 1969 watu wa Kisumu wakampeleka bungeni, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini. Mwishoni mwa 1986 wakili S. M. Otieno alipofariki, mjane wake Wambui alipambana na ukoo wa mumewe mahakamani kwa karibu miezi mitano juu ya nani mwenye haki ya kumzika. Alishindwa, na mwili ukazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, lakini hakuna Mkenya wa umri ule atakayekuambia kwamba hakumsikia mjane akisema. Hayo yote yalitokea kabla ya harusi za kanda zetu au sambamba nazo. Ukimya ulioko ndani ya kanda ni wa kanda. Wengi wa wanawake hao walikuwa wakisema sokoni, chamani, yaani katika vikundi vyao vya kuchangishana, na kwenye kamati ya kanisa, mahali ambapo hakuna aliyelipia kamera.

Na tukitazama kanda za miaka iliyofuata tunaona kitu kinasogea, polepole. Katika nilizotazama za mwishoni mwa miaka ya tisini, kina mama wa chama wanaanza kusimama na zawadi yao wenyewe, blanketi na sufuria vikiwa vimeinuliwa juu, na mwenyekiti wao ndiye anayeshika kipaza sauti. Matangani, wasifu wa marehemu uliokuwa ukisomwa na shemeji kwa niaba ya mjane unaanza kusomwa na mjane mwenyewe. Kuna wanaodai kwamba ni usasa ulioharibu wake zetu, na wengine kwamba ni semina za haki zilizowaamsha. Mimi natazama makoti ya wanaume. Katika kanda za mwanzo wengi wamevaa koti au beji ya kampuni, na mshereheshaji huwataja kwa kazi zao. Kisha kazi zikaanza kuondoka. Watumishi wa umma walipunguzwa katika miaka ya tisini, kiwanda cha nguo cha Kicomi kilichobeba familia nyingi za Kisumu kikaanguka katika miaka hiyo hiyo, na baadaye, mwaka wa 2009, kiwanda cha karatasi cha Webuye kikafungwa. Mshahara ulipokatika, pesa za soko hazikuwa tena na mtu wa kupitia. Mwanamke aliyekuwa akitoa kwa siri alilazimika kutoa hadharani. Katiba ya 2010, inayotamka kwamba mume na mke wana haki sawa katika ndoa, ilikuta jambo hilo limeshaanza kwenye mahema ya harusi, ikalipa jina la kisheria.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi halihusu wake wala waume. Ni la wazee wanaosema kanda zile ziachwe zilivyo. Walioonekana mle hawakuwahi kukubali kutazamwa na watu wasiowajua. Walikubali kamera iliyojulikana kuwa itaonyeshwa sebuleni, kwa wageni, pamoja na soda. Kuna waliotengana tangu wakati ule, kuna mke aliyefutwa katika albamu lakini bado anacheza katikati ya kanda, kuna watoto walioogeshwa uani mbele ya kamera na leo ni wakubwa wenye vyeo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 haigusi mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake, lakini kipande kikishatupwa hadharani kwa ulimwengu sioni mtu atakavyosema bado ni mambo ya nyumbani. Mimi nakubaliana na wazee hao kuhusu kusambaza. Sikubaliani nao kuhusu kutazama. Kuiweka kanda mtandaoni na kuitazama sebuleni na wale waliokuwapo ni matendo mawili tofauti kabisa, na bahati mbaya la kwanza limekuwa rahisi kuliko la pili. Binamu yangu alisambaza kipande kwa maelfu kabla hajamwonyesha shangazi aliyekuwa bibi harusi. Ameshakiondoa, na kwa hilo namshukuru.

Vilevile si kila nyumba ina kanda. Familia nyingi hazikuwahi kuwa na pesa za mpiga picha, na nyingine zilikuwa nazo zikazipoteza kwa siku moja. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, katika Nakuru na Kisumu na sehemu nyingi za Bonde la Ufa, nyumba zilichomwa na vilivyomo ndani yake. Watu waliofika uwanja wa maonyesho wa Nakuru na mabegi mawili hawakubeba kaseti. Nasema hivi kwa sababu mtu anapoandika "familia za Kenya za zamani" chini ya harusi ya karani wa reli, anawasahau hao wote. Kinachosalia mikononi mwetu ni sehemu ndogo sana ya maisha, ya watu wachache, katika siku zao bora.

Na hata hicho kinaoza. Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku, na unyevu ni adui yake. Nyumba za karibu na ziwa, Kisumu na Busia, zinajua ule ukungu mweupe unaoota ndani ya kaseti na kuonekana kupitia kidirisha chake. Ukiingiza kaseti ya namna hiyo kwenye deki unachafua kichwa cha deki na unaweza kuukata utepe. Nazo deki hazitengenezwi tena. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho inayojulikana kuziunda, iliacha mwaka wa 2016. Fundi anatumia alizonazo mpaka zife. Tena kanda haihamishwi kwa haraka kama faili: ya saa tatu huchezwa saa tatu. Kwa hivyo watu, ili kuokoa pesa, humwambia fundi aruke. Chukua kanisa, chukua keki, chukua hotuba ya mzee, hayo mengine wacha. Ombi langu kwa yeyote anayesoma haya akiwa na kaseti nyumbani ni kwamba asimwambie fundi aruke. Hayo mengine ndiyo yenye fundo la leso. Na asikubali ile huduma ya kisasa ya kusafisha nyuso kwa kompyuta mpaka ziwe laini, kwa kuwa programu ikikosa sura hubuni sura, na mtoto wako atamjua nyanya ambaye hakuwahi kuwepo. Baada ya hapo keti na aliyekuwepo, washa simu irekodi sauti, acha kanda icheze, uliza: huyu ni nani, alikuja na nini, pesa hizo zilitoka wapi. Sauti ya anayejibu ni sehemu ya kanda sasa, na pengine ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko picha.

Harusi ya shangazi ilikuwa na kaseti mbili. Ya pili ilikuwa imevunjwa kile kipande kidogo cha plastiki cha kuzuia kurekodi juu yake, na sisi wavulana wa nyumba ile, Juni 2002, tulilibandika tundu selotepu ili tupate fainali ya Kombe la Dunia. Brazili dhidi ya Ujerumani, mechi nzima pamoja na mapumziko na kombe kukabidhiwa. Chini yake zimezikwa hotuba zote za wazee. Hakuna aliyetuuliza wakati huo, wala sisi hatukuuliza mtu, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu hotuba ya babu ilikuwa mle.

Mpira unapokwisha, picha inaruka mara moja na harusi inarudi katika dakika zake arobaini za mwisho. Wageni wamekwenda. Mpiga picha, nadhani, anasubiri malipo yake, na amesahau kuizima kamera au ameichoka. Wanawake watano wanasugua sufuria kwa majivu nyuma ya nyumba wakiimba, na mmoja wao, aliyevaa kanga ya manjano, anahesabu sahani kwa sauti na kumwambia nyanya zimebaki mbili kwa jirani. Nyanya anacheka, kicheko ambacho hatukuwa nacho mahali pengine popote. Kati ya watano hao shangazi ametutajia majina matatu. Wa nne amemjua kwa sura tu, kwamba alikuwa akiuza mkabala na nyanya sokoni, upande wa viazi. Wa tano, huyo wa kanga ya manjano, hamkumbuki kabisa. Jumamosi tunakwenda Bondeni, mtaa wa Nakuru, kwa mama mmoja mzee aliyeuza na nyanya sokoni, tukiwa na picha ya huyo wa kanga ndani ya simu, kumwuliza.